Ukuta Unaovuma

Kila asubuhi seremala alianza siku kwa kumwamkia mama mkwe wake, aliyekuwa amehamia kwao baada ya kuugua. Asubuhi hiyo mama mkwe aliitikia kwa sauti ya uchovu.

"Mkwe wangu, mmenitunza vizuri. Lakini Jumamosi nitarudi kwangu. Chumba kile kinavuma kama mzinga wa nyuki. Silali."

Seremala aliona haya. Mkwe aikimbie nyumba yake kwa kukosa usingizi!

Chanzo kilijulikana. Baridi ilipokaribia, walinunua mashine ya kupasha nyumba joto. Sehemu yake ya nje, sanduku la chuma lenye feni, ilifungwa kwa bolti kwenye ukuta wa chumba cha mama mkwe. Seremala alikuwa amekwisha kulifunika sanduku hilo kwa kasha la mbao nene, akijisifu kwamba sauti haitapata pa kupita. Ngurumo ikazidi.

"Naongeza mbao nyingine," alimwambia mkewe.

"Ongeza tu, baba watoto. Mama atakusifu akiwa garini."

Jirani yao, mwanamke mwenye mashine ya kusaga nafaka, alisikia nyundo, akachungulia uani.

"Fundi, nani amefariki? Naona jeneza limesimama."

"Usinicheke, jirani. Nazuia kelele."

"Unaizuia kupumua! Mashine hii huvuta hewa na kuitoa. Ukiiziba inahangaika, na feni inazidi kulia. Zima umeme kwanza, kisha ubomoe."

Seremala alisita. Kasha lile lilikuwa kazi safi. Hata hivyo alilibomoa. Walipoiwasha tena mashine, mlio ulipungua, lakini ukuta wa chumbani bado ulivuma.

Jirani akaomba simu ya seremala. Akazima mlio wake, akaacha mtetemo tu, akaiweka mezani na kuipigia. Meza nzima ilinguruma. Kisha akakunja kitambaa, akailaza simu juu yake, akapiga tena. Safari hii ilisikika kwa mbali tu.

"Simu ni ileile," alisema.

"Kumbe iliyopiga kelele ni meza," seremala alijibu polepole. "Na ukuta wangu nimeugeuza ngoma!"

"Umenena. Mtetemo unapita kwenye bolti. Mashine yangu ya kusaga nimeikalisha juu ya mpira mnene, ndiyo maana hujaja kunigombeza hata siku moja. Yako iteremshwe. Ikae juu ya zege, mbali na ukuta na dirisha, miguu yake ikanyage mpira. Ila usiihamishe mwenyewe. Mabomba yake yana gesi. Mwite fundi wa mashine hizi."

"Namwita sasa hivi."

Fundi wa mashine alikuja Ijumaa, akaihamisha kama jirani alivyosema. Mabomba nayo akayashika kwa vibanio vyenye mpira, yasipeleke mtetemo ukutani.

Jumamosi kulikucha, jua likapanda, mama mkwe hakuonekana. Chai ikapoa. Binti yake aligonga mlango kwa wasiwasi.

"Mama! Mama, u mzima?"

"Mbona mnanigongea kama askari?" sauti ilijibu. "Watu tumelala!"

Alitoka akijinyoosha, akamtazama mkwewe kutoka kichwani hadi miguuni.

"Na wewe seremala, nguo zangu zitakaa kwenye begi mpaka lini? Nitengenezee kabati. Tena liwe kubwa."