Mpagazi wa Njia ya Kibeta

Mtu akikuambia uwanja wa ndege wa Bukoba uko mbali na mji, mcheke. Enzi za Mwingereza ulikuwa kiwanja cha majani tu kando ya ziwa, ukishuka unaziona taa za maduka ya Wahindi palepale. Lakini Klaudia alikuwa anakwenda Kibeta, kule juu, na sanduku lake lilikuwa zito. Motokaa iliyokuja ilipakia Wazungu ikaondoka. Jua nalo limeshazama.

Alikuwa yaya huko Nairobi. Mwajiri wake alimkatia tiketi ya ndege baada ya kumkuta analia, barua mkononi. Barua ya mama yake, Benigna, ilikuwa imekaa njiani karibu mwezi mzima.

"Tumehama Kishanda. Kile kinachobisha hodi jioni kimeshachukua wanao wawili, na sasa kinamwita Mwijage kwa jina. Tumejificha Kibeta, nyumba ya bati, jirani na nyumba tupu ya Karugendo. Usimwambie mtu."

Mwijage ndiye aliyebaki. Miaka minne.

"Nikusaidie mzigo, mama?"

Mwanamume mrefu alikuwa amesimama kando ya njia. Klaudia alikuwa hoi, hakumwangalia hata usoni. Akampa sanduku. Yule mtu akalitia kichwani, akatangulia.

"Tunakwenda wapi?" akauliza yule mtu.

"Kibeta."

Ah, mdomo huo! Barua imesema asimwambie mtu, na yeye keshasema.

Wakayapita maduka, wakaanza kupanda katikati ya migomba. Giza likashuka. Klaudia alisikia viatu vyake mwenyewe... ko, ko, ko... Vya mwenzake havikusikika. Na kulikuwa na harufu. Udongo mbichi, kama uliofukuliwa sasa hivi. Akajiambia ni mvua ya mchana.

"Umetoka mbali leo?" akauliza, ilimradi asikie sauti ya mtu.

"Kishanda." Hakugeuka. "Nilimfuata mtoto. Nikakuta nyumba tupu... Nikasema, mama yake atakuja tu."

Jamani! Klaudia akajua ndicho kile cha kwenye barua. Akikimbia, kitamfuata. Akipiga kelele, Benigna atatoka na taa, mtoto mgongoni. Akaendelea kutembea huku machozi yanamtiririka.

Mbele zikatokea nyumba mbili za bati. Moja ilikuwa na kibatari dirishani, na ndani mtoto alikuwa anakohoa. Klaudia alikijua kikohozi kile. Nyingine ilikuwa giza tupu.

"Ni ipi?" kikanong'ona.

Klaudia akainua kidole. Akaonyesha yenye giza.

"Asante, mama. Nilikuwa nimepotea."

Kikalitua sanduku taratibu, kikaenda.

Haina mtu, Klaudia alijiambia. Haina mtu, barua imesema.

"Hodi..."

Kimya.

"Hodi..."

"Karibu, waitu, ndugu yetu!" Sauti ya mwanamke, changamfu, ya mtu aliye jikoni nyuma ya nyumba. "Naja!"

Neno moja tu lingetosha. Usifungue! Klaudia akauziba mdomo wake kwa viganja viwili.

Mlango ukafunguliwa.

Akanyakua sanduku, akakimbilia kwenye kibatari. Mwijage akamrukia shingoni, mwili wa moto kwa homa. Benigna akawa analia na kucheka kwa pamoja.

"Umefika salama, mwanangu! Na sasa hatuko peke yetu hapa, Karugendo kapata wapangaji wiki iliyopita. Wana kasichana, Mwijage habanduki kule." Kisha akalipapasa sanduku. "Mbona limejaa udongo? Nani kakubebea?"

"Nimebeba mwenyewe."

Usiku ule Mwijage hakukohoa hata mara moja. Homa ilikatika, akalala fofofo. Klaudia hakulala.

Alfajiri kilio kikaanza nyumba ya pili.

Benigna akalitazama sanduku, akamtazama binti yake. "Jifunge kanga," akasema. "Twende tukawape pole."

Klaudia alikwenda kwa kujikokota. Mama wa yule msichana mdogo alikuwa sakafuni katikati ya wanawake. Alipomwona mgeni akamshika mikono, akamvuta karibu, mdomo sikioni.

"Jana jioni alikuja mtu. Alisema ameelekezwa kwangu..." Mikono yake ilikuwa baridi. "Wewe ulifika saa ileile, dada yangu. Hukumwona njiani?"