Zablon Aliniambukiza Ugonjwa Nisiokuwa Nao

Wasomaji wenzangu, nina miaka ishirini na saba, ni karani wa reli, nakaa Makongeni. Sijaoa. Nilikuwa nioe mwaka huu... lakini someni mwone jinsi binadamu alivyo mchafu!

Jioni nikitoka kazini mimi nilikuwa mtu wa tenisi. Kiwanja chetu kiko Kaloleni, cha udongo mwekundu. Mimi na rafiki yangu Zablon tulikisawazisha kwa majembe yetu wenyewe. Tulicheza pamoja upande mmoja, mimi nyuma, yeye karibu na wavu. Nilimpenda kama ndugu wa tumbo moja.

Siku moja vumbi lilinipalia, nikakohoa sana. Tulipoketi nikamweleza jambo nisilowahi kumwambia mtu: kaka yangu alikufa kwa kifua kikuu, na kila nikikohoa roho hunishtuka.

Akanishika bega. "Litabaki kwangu, ndugu yangu."

Litabaki kwake! Mwongo mkubwa!

Haikupita muda, mambo yakageuka. Nikirusha mpira, wenzangu wanausukuma kwa raketi, hawaushiki. Kikombe changu cha chai kikatengwa peke yake dirishani. Jirani akawa anawaita watoto wake ndani nikipita. Nilikuwa nimefanya nini?

Tulikuwa tunajiandaa kucheza na timu ya Wahindi wa Ngara. Mwenyekiti wetu, Bwana Salim, akaniambia nipumzike mpaka kifua kipone. Kifua gani? Nafasi yangu akapewa binamu wa Zablon!

Zablon alikuja kunitazama, akaniletea machungwa. Alikaa mlangoni, leso puani... Nami, mjinga, nikamshukuru!

Nikaenda hospitali, nikapigwa picha ya kifua. Daktari akasema mapafu yangu ni mazima kabisa. Nikakimbia Shauri Moyo kwa mchumba wangu Rispa, kwa maana wazazi wake walikuwa wamenikataza nisimwone. Baba yake alinisikiliza akiwa amesimama mbali, kule mwisho wa ua.

"Mzee, ni nani aliyewaambia kwamba naumwa?"

"Mwanangu, ni rafiki yako mwenyewe, Zablon. Tena alilia akitueleza."

Alilia! Nikauliza habari za Rispa. Mzee akatazama chini. "Amekwisha poswa."

Sikuuliza na nani. Pale mlangoni palikuwa na viatu vyeupe vya tenisi. Kimoja nilikuwa nimemshonea Zablon kwa mkono wangu.

Siku ya mchezo nilikwenda, nikasimama nje ya ua. Zablon akapiga mpira mmoja hadi pembeni kabisa, mzuri ajabu... na mikono yangu ikapiga makofi! Mikono yangu mwenyewe!

Baadaye, alipopata habari za ile picha ya kifua, Bwana Salim alikuja kuniomba radhi, akaninyooshea mkono. Sikuushika. Ningeushikaje? Waliiogopa pumzi yangu miezi mizima, wala hakuna hata mmoja aliyekuja kuniuliza.

Nawasihi, wasomaji, msimwage siri ya msiba wenu kwa mtu kabla hamjajua anatamani nini kwenu. Na mkisikia kwamba mwenzenu ni mgonjwa, msinong'one. Nendeni mkamwulize yeye mwenyewe, uso kwa uso. Mimi ningejibu kwa neno moja tu, na leo ningekuwa na mke.