Kiatu cha Dohani

Kondoo ndio waliotangulia kujua. Roland alipobomoa upande mmoja wa dohani la zamani ili atie jiko jipya, kundi lote lilihamia ukuta wa mbali wa malisho, likaipa nyumba mgongo, na halikurudi hata alipotikisa ndoo ya chakula.

Marian, mkewe, alikuwa akikata mkate aliposikia sakafu ya juu. Tak. Kimya. Tak. Mguu mmoja.

"Posy?"

"Niko hapa, mama." Mtoto alikuwa chini ya meza akimlisha mbwa.

Harufu ya masizi na sufu iliyolowa ikashuka ngazi.

"Roland, ulikuta nini mle dohani?"

"Kiatu cha mtoto, cha ngozi, kimekauka kama ubao. Nilikiweka dirishani nikawachekeshe watu baa. Sasa sikioni."

Thirza, mama yake Roland, aliacha kumenya viazi.

"Kilivaliwa na mtoto wa nyumba hii mpaka kikalika, ndipo kikatiwa humo. Jini likipita dohani linanusa jasho la mtu, linaingia kiatuni, linanasa. Umelifungua, mwanangu. Na kiatu limeondoka nacho."

"Mama, watu wamefika mwezini, wewe bado uko ndani ya dohani."

"Mwezini hakuna dohani."

Roland alicheka peke yake. Alikuwa mtu wa kumsikiliza mwanamke kwa sikio moja. La pili aliliazima redio.

"Yule wa juu anachechemea," Posy akasema taratibu. "Ameniomba kiatu. Anasema akipata cha pili tutakwenda naye mlimani."

Kisu kikamponyoka Marian. Nje ukungu ulikuwa umeshameza zizi, ukameza lango, sasa ulilamba vioo, na kule juu ule mguu mmoja uliruka kutoka chumba hadi chumba, ukisimama kila mlangoni kama unaosikiliza nani anapumua, ukiruka tena, hadi ukafika chumba cha Posy, na kitanda cha mtoto kikalia kama kimekaliwa.

"Mvue kiatu cha leo," Thirza akanong'ona. "Kitiwe dohani kingali na joto la mguu wake."

Marian akamvua binti yake buti moja jekundu, lililolika kisigino. Roland akalichukua, akabeba ngazi na chokaa, akinung'unika kwamba anafanya hivi ili wanawake wanyamaze. Walimsikia akipanga mawe, akiziba. Kukawa kimya.

Lakini kondoo hawakurudi.

Marian alikwenda kumchukulia mtoto soksi. Nyuma ya kikapu cha mbwa akaliona lile buti jekundu.

"Roland. Umetia kipi?"

"Kile kipya cha shule, tulichokinunua kidogo mno kwa mguu wake. Hili bado zima, theluji ikija atavaa nini? Kiatu ni kiatu, Marian."

"Kipya," Thirza akasema. "Hakuna aliyekivaa. Hakina jasho la mtu. Hujatega mtego, Roland. Umetoa zawadi."

Juu ya vichwa vyao miguu miwili ilianza kutembea, bila haraka, kama ya mwenye nyumba. Ikafika ngazini. Ikaanza kushuka.

Chini ya meza, Posy akapiga makofi.

"Sasa hachechemei," akasema, akaanza kutafuta koti lake.