Karama Iliyotoka Uwanjani

Jamani wa mtaa wetu wa Thamesmead, huku ughaibuni, kaeni niwaambie ya nyumba ya Célestine, maana mnapenda kunong'ona kwenye lifti na ukweli hamuujui.

Jumatatu moja tulikuwa sebuleni kwake, tumemaliza kusali, tunakunywa chai. Mwanawe Ghislain alikuwa amekuja kutoka chuoni. Kijana huyo alikuwa nyota wa futiboli ya Kimarekani, ile ya kofia ngumu. Alicheza nyuma ya safu ya mbele, linebacker wanamwita, na kazi yake ni kumvaa mwenye mpira mpaka amlaze chini. Timu za kulipwa za Ujerumani zilishaanza kumuulizia, na Célestine hakuwa na hadithi nyingine.

Ghafla Ghislain akaacha kutafuna.

"Mama, ni nani ule anakaa kwa kiti ya papa?"

Kiti cha baba yake kilikuwa kitupu.

"Amevaa kitenge ya kijani," akasema taratibu. "Uso hana. Munasikia harufu? Nywele inaungua."

Haki ya Mungu, hata mimi nikajikuta nanusa.

Baba yake, Fortunat, aliyekuwa bado amesimama baada ya kutuongozea maombi, akapiga magoti. "Ni mama yangu! Tulimuzika Bukavu na kitenge ya kijani!"

Basi, vilio na nyimbo. Tangu siku hiyo Ghislain akawa nabii, watu wakavuka mto kuja kumsikiliza.

Dada yake tu, Chancelle, ndiye aliyekasirika. "Papa, anaona hivyo kila akigongwa kichwa! Daktari wa timu amesema apumzike!"

"Ni vile," akajibu Célestine. "Akicheza, ndipo Mungu anafungua macho yake. Kumuzuia mpira ni kumuzuia Mungu."

Mnalisikia kosa hilo? Wakawa wanafunga na kuomba ili mtoto wao agongane zaidi! Naye kijana, kwa hamu ya Ujerumani, akamdanganya daktari kwamba kichwa kimepona. Tamaa ni tamaa, hata ikiimbiwa pambio.

Maono yakazidi. Wale wasio na uso wakawa wengi. Ghislain alituonyesha walipokaa, katikati yetu, na sisi watu wazima tukawa tunasogea kuwapisha. Mimi nilikuwa naogopa hata kuegemea.

Mechi ya mwisho nilikwenda, mchana wa jua zuri. Akamvaa mwenye mpira, kofia zikalia, watu wakashangilia. Ghislain akainuka, akatoka uwanjani kwa utulivu mpaka alipokuwa mama yake. Akavua kofia, akamtazama kwa heshima.

"Mama, wewe ni mama ya nani?"

Célestine akatabasamu, akidhani ni maono. "Sema, mwanangu. Mungu anasema nini?"

Célestine alikuwa bado anauliza hivyo kijana alipoanguka miguuni pake.

Hakufa. Anakula, anatembea. Kila asubuhi Célestine humwambia, "Mimi ni mama yako," naye humshukuru kwa adabu, kisha humuuliza, kama mtu anayemuuliza mgeni, ataondoka saa ngapi.

FUNZO

Mtoto akibadilika baada ya kugongwa kichwa, mpelekeni hospitali, na maombi yamfuate hukohuko. Vijana, msimfiche daktari kwa kutaka sifa. Na wewe mzazi, usiombee ugonjwa wa mwanao uendelee kwa sababu unakupa heshima mbele za watu. Nimemaliza. Anayetaka kununa na anune.