Vibao vya Wake wa Mniko

Mniko alikuwa na wake wawili katika mji wa Tarime. Mke mkubwa aliitwa Ghati. Mke mdogo aliitwa Wegesa. Walikaa kiwanja kimoja, lakini kila mke alikuwa na nyumba yake, kama Wakurya walivyozoea. Asubuhi Ghati alisaga ulezi na Wegesa alichota maji. Jioni wote wawili walikwenda kwenye kisomo cha watu wazima. Huko nako kila mmoja alichungulia mwandiko wa mwenzake. Wivu wa wake wenza hauna likizo.

Kila nyumba ilikuwa na chumba cha kupangisha. Ghati ndiye aliyeanza. Alimwomba mumewe ubao, akaandika mwenyewe: "Chumba kwa Ghati." Wegesa alipokisoma kibao hicho, alimwendea mume moja kwa moja.

"Mimi si mke?" alimwuliza Mniko. "Yeye kapewa ubao. Mimi nimepewa nini?"

Mume wa wake wawili akimpa mmoja kitu, sharti ampe na mwingine. Mniko akaleta ubao wa pili. Wegesa akaandika kwa herufi kubwa zaidi. Ghati akataka kibao cha barabarani. Wegesa naye akataka. Vibao vikajaa kwenye ua, kwenye mti wa jirani na kwenye nguzo za barabara. Majirani walinung'unika, lakini wale wawili walitazamana wao tu. Mniko maskini alibaki kupiga misumari.

Mwisho Wegesa alipata nguzo nzuri kuliko zote, kwenye njia panda ya sokoni. Ilikuwa na kibao kidogo cha zahanati chenye mshale, rangi imefifia. Wegesa aliijua njia ya zahanati, kwa hiyo hakuona kazi ya kibao kile. Alikifunika kwa chake. Akachora mshale mkubwa mwekundu wa kuelekea kwake. Usiku ule alilala vizuri.

Siku ya mnada mtu aliingia uani akihema. Alikuwa Rubeni, mkulima wa Itiryo, mgeni mjini. Alibeba mtoto aliyewaka homa.

"Shikamoo mama. Daktari yuko wapi?"

"Daktari gani?" Wegesa alishangaa. "Hapa ni nyumbani kwa watu."

"Niliambiwa nifuate mshale wa njia panda," alisema Rubeni. "Kusoma sijui. Nimeufuata."

Wegesa alikumbuka kibao alichokifunika. Mara mtoto akashikwa na degedege. Ghati alitoka jikoni, akampokea mtoto, akakimbia naye. Wegesa alitangulia kuonyesha njia huku analia. Zahanati ilikuwa upande mwingine kabisa. Mtoto alipata dawa, akapona. Lakini mganga aliwaambia kwamba wangechelewa zaidi kidogo, wangemzika.

Jioni alikuja balozi wa nyumba kumi, Ndugu Sadick, fundi cherehani. Hakufoka. Alisema kutangaza chumba si kosa, ila kuna utaratibu. Kibao kiwe kidogo, na kikae kwenye ukuta au ua wako mwenyewe. Mti wa jirani ni wa jirani. Ukitaka kuweka barabarani, uliza kwanza ofisi ya mji. Kibao cha zahanati, cha shule au cha njia hakifunikwi kamwe. Na chumba kikipata mtu, kibao kishuke.

"Kwenu hapa kibao kimoja kinatosha," alimaliza.

"Jina la nani litatangulia?" aliuliza Ghati. Hata baada ya yote hayo!

"Hakuna jina," alisema Sadick. "Mpangaji anatafuta chumba, hatafuti mke wa Mniko."

Kesho yake waling'oa vibao vyote. Wegesa alikwenda mwenyewe njia panda, akakipaka rangi upya kibao cha zahanati. Kwenye ua wao kikabaki kimoja: "Vyumba viwili vinapangishwa. Uliza ndani."

Haikupita muda, akaja Esta, muuguzi mgeni. Wegesa ndiye aliyempokea, kwa kuwa Ghati alikuwa shambani. Wegesa angeweza kuonyesha chumba chake tu. Nani angejua?

"Changu kina sakafu ya saruji," alisema. Kisha akaonyesha nyumba ya pili. "Cha mke mwenzangu, Mama Wangwe, kina dirisha kubwa. Tazama vyote."

Esta alichagua cha dirisha kubwa. Wivu ulimchoma Wegesa kweli kweli, tusidanganyane. Alichukua rangi, akafuta "vyumba viwili vinapangishwa", akaandika "chumba kimoja kinapangishwa". Ghati aliporudi alikisoma kibao, akaelezwa na Esta yaliyosemwa. Aliegemeza jembe ukutani, akamfagilia Esta chumba.

Baada ya siku chache mwalimu wa kisomo alihamia kwa Wegesa, na kibao kikashushwa. Aliyemleta mwalimu huyo, tena akiwa amembebea sanduku kichwani, alikuwa Ghati.