Lango Lisilojua Salamu

Lango lilisema "hapana" kwa sauti ya upole, kama muuguzi anayemwambia mgonjwa ajifunike shuka. Taa nyekundu ikawaka juu ya upinde wa chuma. Mzee aliyekuwa chini yake, amevaa suti iliyonukia dawa ya nondo, akaliinua sanduku lake akarudi alikotoka. Hakubishana. Utabishanaje na upinde?

Waliliita Lango Sikivu. Mtu alisimama chini yake, likamuuliza, likamsikiliza. Ndani ya chuma kile mlikuwa na masikio maelfu, madogo kama punje za ulezi, yaliyopima mtetemo wa koo, joto la mashavu na mwendo wa damu shingoni. Ukisema kweli, kijani. Ukidanganya, nyekundu. Uongo wa kwanza ulisamehewa. Wa pili ulikufungia njia maisha yako yote.

Nyuma ya lango ndipo ilipoanzia lifti ya anga, kamba nene kuliko mnara wa kanisa, iliyopanda kutoka vilima vya nje ya Bukoba mpaka ikapotea machoni. Huko juu abiria walihamia chombo kingine wakaenda Mwezini, kwenye mji wa Tulivu, ambako nchi kadhaa zilikuwa zimejenga makazi ya wastaafu. Sababu yake ilikuwa nyepesi kueleweka. Mwezini mzee wa kilo sitini hujiona ana kilo kumi. Magoti yaliyokufa yanafufuka, na moyo uliochoka unapata nafuu. Lakini hewa ya Tulivu ni ya kutengenezwa, watu wote wanaivuta moja, na ugonjwa mmoja uliofichwa unaweza kuumaliza mji. Kwa hiyo wakubwa walisema: waongo wasipande.

Projestus Rwechungura, Ta Projestus kwa waliomheshimu, ndiye aliyefuata. Maisha yake yote ya nguvu aliyamalizia kwenye kupasua mawe ya barabara, na shule aliiacha darasa la nne. Masharti ya viza ya mstaafu alikuwa ameyatimiza yote. Umri ulitosha, pensheni ilikuwa ikiingia, daktari alikuwa ameandika, polisi walisema hana kesi. Na wa kumpokea alikuwepo: Advera, bintiye pekee, mpishi wa Tulivu. Advera alikuwa amekaa Mwezini miaka mingi mno. Mifupa yake isingeweza tena kuubeba uzito wa dunia. Kama baba hapandi, basi hawataonana tena.

"Kila ukitimiza sharti, wakubwa wanazaa jingine," Ta Projestus alimwambia mama aliyesimama nyuma yake. "Na hili lango ndilo kitinda mimba chao."

"Punguza maneno, Ta," alisema yule mama, Ma Paskazia, mfupi na mwenye begi kubwa kuliko yeye. "Nasikia lina masikio."

"Lisikie. Nilishawahi kuja hapa na mke wangu. Mimi lilinipitisha, yeye likamwita mwongo. Leokadia, mtu aliyerudisha chenji ya muuza maandazi ikizidi. Nikakataa kupanda bila yeye. Wakubwa walikuwa na majina yao mfukoni, hao. Walishaamua."

Leokadia alifariki mwaka uliofuata. Moyo ulimsimama akipanda kilima cha nyumbani kwao, ndoo ya maji mkononi.

"Karibu, mzee," lango likasema. "Shikamoo. Habari za nyumbani?"

"Marahaba. Nzuri."

Nyekundu.

"Jibu hilo si la kweli," lango likasema kwa ule upole wake. "Umebakiwa na nafasi moja. Habari za nyumbani?"

Ta Projestus akafungua mdomo, akaufunga. Neno lililomjia lilikuwa lile lile. Tangu apate akili hakuwahi kulijibu swali hilo kwa neno jingine. Akashika fimbo kwa mikono miwili, akabaki amesimama kama aliyekanyaga nyoka.

Foleni ikasimama. Baada ya kitambo mlango wa pembeni ukafunguka, akatoka mwanamke wa makamo mwenye miwani, kibao cha kioo kwapani. Alikuwa Kokushubira, mhandisi mkuu wa lango.

"Shikamoo baba. Kuna shida gani?"

"Marahaba. Shida unayo wewe na chuma chako. Kimeniita mwongo."

"Lango halikosei, baba yangu. Hebu niambie, nyumbani kuna nini?"

"Hakuna mtu. Mke wangu nilimzika."

"Pole sana. Sasa mbona ulisema nzuri?"

Ta Projestus akamtazama kuanzia viatu hadi miwani. "Wewe ni mtoto wa wapi?"

"Wa Kamachumu."

"Kamachumu hawasalimiani? Mtu hajakaa, hajapewa hata maji, unamtwanga na msiba usoni? Kwanza unasema nzuri. Halafu unasema ila. Habari yenyewe iko kwenye ila."

Watu wa nyuma wakacheka. "Mimi hata nyumba ikiungua nasema nzuri," alisema Ma Paskazia. "Nzuri, ila tumelala nje."

Kokushubira hakucheka. Alivua miwani. "Lango tulilifundisha wenyewe," alisema taratibu. "Kwa sauti zetu, ofisini. Tuliulizana maswali, tukajibu kweli, tukajibu uongo, likajifunza tofauti. Salamu hazikuwemo. Siku ya ufunguzi ilipokaribia, wakubwa wakasema lionekane lina adabu. Tukaongeza salamu. Lenyewe linazihesabu kuwa ni maswali."

Ta Projestus hakusikia maneno ya mwisho. Alikuwa amerudi siku ile, amesimama nyuma ya Leokadia, akiliona shali lake la kijivu. U hali gani, mama? lango liliuliza. Mzima, ila... Nyekundu ikawaka neno likiwa bado mdomoni. Habari za nyumbani? Salama, ila... Nyekundu tena. Miaka yote hii alidhani mkewe aliingiwa na kigugumizi kwa hofu.

"Alikuwa anakuja kwenye moyo," alisema. "Mke wangu. Alitaka kuliambia kuwa ana ugonjwa wa moyo. Lilimkata."

"Ugonjwa wa moyo si kizuizi," Kokushubira alisema, na sauti yake ikashuka. "Wenye moyo mbovu ndio tuliwajengea Tulivu."

Ta Projestus alikuwa amejiandaa kwa miaka mingi kumtukana mkubwa atakayekutana naye. Sasa mkubwa huyu hapa, machozi yanamlengalenga, na matusi yote yalikuwa yamemkauka.

"Angepona?"

"Sijui, baba. Angekuwa na nafasi."

Akakaa juu ya sanduku lake. Kokushubira akachuchumaa mbele yake, akawasha kile kibao.

"Naweza kuliambia lisihukumu neno la kwanza la salamu. Lisubiri mpaka mtu amalize. Lakini halijajaribiwa. Likikukataa tena, umefungiwa. Au nikuandikie rufaa, usubiri nyumbani."

"Rufaa tulikata. Leokadia alikufa ikiwa bado iko mezani kwenu. Na hiyo ruhusa ya kuligusa unayo?"

"Sina. Nitaulizwa."

"Basi leo ndiyo mara ya kwanza naona mkubwa anayeulizwa." Akajiinua kwa fimbo. "Na wale wengine?"

"Sauti zote zimehifadhiwa. Kila aliyekatwa kwenye salamu, nitamsikiliza upya."

"Waliokufa je?"

Kokushubira akaivaa tena miwani yake. "Nao. Hawatapanda, lakini hawatabaki wameandikwa waongo. Nitaanza na mama Leokadia."

Akagusagusa kile kioo, akarudi nyuma. Ta Projestus akavuta kofia yake vizuri, akaingia chini ya upinde.

"Karibu, mzee. Shikamoo. Habari za nyumbani?"

"Marahaba. Nzuri."

Taa haikuwaka. Lango likasubiri. Kamba ya lifti ilikuwa ikivuma kwa mbali juu yao, na lango likazidi kusubiri.

"Ila nyumbani hakuna mtu," akasema. "Mke wangu amefariki."

Kijani ikawaka, pana na tulivu, ikamwagika mpaka kwenye mabega yake. Yeye hakuinua macho.

"Mpaka leo namenya ndizi za watu wawili," akaendelea. "Zikiiva ndipo nakumbuka. Alikuwa hapendi nile na kofia kichwani. Sasa nakula nayo, na haina raha yoyote. Jirani wananiuliza, nasema nzuri, wanapita. Hakuna anayesubiri. Alikuwa akiimba kanisani anawahi mbele ya wenzake, kila wimbo, anawaacha wote..."

Ma Paskazia aliiona ile kijani. Kokushubira aliiona pia, akafungua mdomo kumwambia mzee kuwa njia iko wazi, kisha akaghairi. Ma Paskazia akaliweka begi lake chini, akalikalia, na nyuma yake foleni nzima ikaanza kukaa.