Nafasi ya Tromboni ya Pili

Tromboni, tarumbeta lenye bomba la kuvuta, hukusanya maji ya pumzi, na mpigaji huyamwaga chini wimbo unapokwisha. Kwa hiyo mpigaji mmoja, waliyemtania kwa jina la Babu Bomba, alikuwa ametandika kitambaa miguuni pake. Asubuhi ya siku ya tatu ya kurekodi, sakafu ya studio ililowa mahali pawili: hapo kwake, na mbele ya kiti kitupu kilichomkabili.

"Babu, unamwaga huku na huko?" aliuliza fundi mitambo, binti mcheshi, kutoka nyuma ya kioo. "Au ndiyo uzee?"

"Koma wewe! Sijabanduka hapa."

Kiti kile kilikuwa cha swahiba aliyepiga naye miaka thelathini, akafariki kabla hawajaanza albamu yao ya jazi yenye midundo ya Kilatini. Katika kila wimbo mmoja aliuliza kwa tromboni yake, mwingine akajibu kwa yake. Wapiga ngoma walisharekodi wakaenda zao. Babu Bomba akabaki kupiga maswali, na penye majibu akaacha kimya. Hakutaka mtu mwingine apajaze. Nyumbani nako aliishi peke yake, chai akijichemshia kikombe kimoja.

Fundi alirudisha wimbo nyuma. Penye kimya ilisikika pumzi ikivutwa, kisha tromboni ikajibu, laini, na chumba kikanuka udongo mbichi.

"Ni yeye," Babu alinong'ona.

"Siye, babu. Juzi ulishikilia sauti moja kwa hesabu ya kumi na sita. Leo sita tu, na midomo imekupauka. Kinachojibu kinatumia pumzi yako." Binti akatoka kupiga simu, akarudi, akashusha sauti. "Nimempigia mjomba, yule anayetibu wenye majini. Anasema piga mfululizo mpaka mwisho, usikiachie nafasi hata moja. Kitatoka. Ukikiachia tena, jioni hufiki."

Babu alikubali. Ngoma zilizorekodiwa zikaanza, akapiga swali, akaunganisha na jibu lake mwenyewe, na swali tena, na jibu, huku kitu asichokiona kikivuta hewa sikioni pake kama mtu anayezama, na kile kiti kikilia kama kinachoinukiwa na mtu, na harufu ya udongo ikififia, mpaka ikabaki nafasi moja, ya mwisho kabisa, na masikioni mwake hamkuwa na mtu ila yeye, akijiuliza na kujijibu.

Nyuma ya kioo, fundi alimpungia mikono yote miwili: endelea, endelea!

Babu Bomba alishusha tromboni, akafumba macho, akasubiri.